Mkwaju Mmoja, Sura Nne

Nina mwongozo mezani, wa seva ya Linux, na naapa walioandika hawasalimiani. Sura ya kwanza inasema mipangilio iko /etc/ssh. Ya pili inasema etc/ssh, mkwaju wa mbele umekwenda likizo. Ya tatu ni /etc/ssh/, mwingine umeota mkiani. Halafu kwenye kiambatisho kuna bwana mmoja, Mungu amsamehe, kaandika /Etc/SSH.

Utaniambia, "Si unaelewa tu?" Mimi naelewa. Mashine je? Kwa Linux, Etc na etc ni folda mbili zisizojuana. Na ukiangusha mkwaju wa mwanzo, kompyuta haianzii kwenye mzizi. Inaanzia hapo hapo ulipo, inapapasa, kisha inakujibu kwa ukavu kwamba faili hilo halipo.

Mkwaju wa mkiani ndio hasa unaonipandisha presha. Chukua rsync, programu ya kunakili mafaili. Andika rsync -a picha/ hifadhi, nayo itachukua vilivyomo ndani ya picha na kuvimwaga kwenye hifadhi. Ondoa mkwaju ule baada ya picha, itabeba folda yenyewe nzima nzima na kuitumbukiza humo. Sasa mwandishi wetu anaweka mkwaju huo kama mpishi anayetia chumvi kwa kufuata hasira zake: ukurasa wa 12 upo, wa 13 haupo, na maelezo ni yale yale.

Tofauti za mfumo na mfumo nimekwisha kuzisamehe, maana zina historia. MS-DOS ya mwaka 1981 haikuwa na folda za kupangana, na alama ya / ilishapewa kazi ya kubeba vikolezo vya amri. Folda zilipokuja na toleo la 2.0, mwaka 1983, kiti kilikuwa na mwenyewe, ikabidi waegemee \. Mac za zamani zilitumia nukta mbili. Kwenye Windows za Kijapani ile \ mara nyingi huonekana kama ¥, alama ya yeni, hata ukisoma mahali faili lilipo unadhani unatajiwa bei. Sawa, kila nyumba na desturi zake. Lakini hawa wangu wako nyumba moja!

Ofisini kuna kijana mgeni, mwenye adabu na bidii. Juzi kanijia na daftari.

"Shikamoo mzee. Hii folda ya path mbona haipo kwenye seva?"

"Marahaba. Path ipi?"

"Hii hapa, /path/to/file."

Nikamweleza kwamba hapo anatakiwa aweke njia yake mwenyewe. Akashukuru, akafungua ukurasa uliofuata, na huko ile nafasi ya kujaza imeandikwa /home/<jina>/. Akajaza jina lake, mabano akayaacha kwa heshima ya mwandishi. Bash inapoona < inaelewa kwamba inaagizwa isome faili, ikaanza kulitafuta faili lenye jina la huyu mtoto wa watu. Ukurasa wa tatu ni ~, wa nne $HOME, na zote mbili kwa kawaida zinampeleka pale pale nyumbani kwake. Nani angemwambia?

Wenzetu wa BSD wana mdoc, lugha ya kuandikia kurasa za mwongozo, na ndani yake kuna .Pa, alama maalumu ya njia za mafaili, ili zote zivae sare moja. Sare tu, lakini. Kuhusu mkwaju wa mkiani, haimlazimishi mtu. Hapo inabidi wakubwa wakae, wachague, waandike. Wachague wowote, mimi sina upande.

Basi nikawaandikia wenye mwongozo. Wakanijibu haraka, kwa upole mwingi, kwamba kanuni za kuandika njia wanazo tangu zamani na zinapatikana kwenye docs/mtindo. Nimezitafuta. Ziko Docs/Mtindo/.