Namna ya Kumpeleleza Mtu Aliye Ng'ambo Usishtakiwe

Kwanza, uwe serikali. Kijana wa Chinongwe akiingilia simu ya jirani yake, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 inamsubiri, na polisi wa Ruangwa hawako mbali. Dola ya kigeni haina haja ya kuiogopa sheria hiyo.

Pili, usivuke mpaka. Tuma mzigo, wewe ubaki kwako. Nachingwea, palipokuwa na kambi ya mafunzo ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, somo hili wanalijua: tarehe 3 Februari 1969 kiongozi wao, Eduardo Mondlane, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Siku hizi mzigo ni faili lililoambatishwa kwenye barua pepe.

Faili la namna hiyo lilifika mwaka 2012 kwenye kompyuta ya raia wa Marekani mzaliwa wa Ethiopia, mkazi wa Silver Spring, Maryland. Lilibeba FinSpy, programu ya kijasusi iliyokuwa ikiuziwa serikali. Kwa miezi kadhaa ilinasa mazungumzo yake ya Skype na mambo ambayo familia yake ilifanya kwenye kompyuta ile, ikapeleka nakala Ethiopia. Mwaka 2014 akaishtaki serikali ya Ethiopia kwa jina la bandia, Kidane, akihofia usalama wa jamaa zake.

Hapo ndipo mpaka unapokulipa. Machi 2017 mahakama ya rufaa ya Washington ilisema dola ya kigeni inaweza kushtakiwa kwa madai kama hayo pale tu kosa zima linapotendeka ndani ya Marekani. Nia na utumaji vilianzia nje, basi kesi ikafa. Majaji hawakufika hata kwenye swali la kama alipelelezwa.

Naiona hiyo kuwa dhuluma. Kidane hakutoka nyumbani kwake, wala kompyuta yake haikutoka. Alikwenda mbali apate usalama, na umbali uleule ukawa kinga ya waliomwandama.

Tatu, omba wasimamizi waendelee kutazama ndani tu. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeunda Tume ya kupokea malalamiko. Mkulima wa korosho aliyedukuliwa kutoka ng'ambo anaweza kuiandikia, lakini Tume haina mkono wa kufika huko. Kuuziba mwanya huo, Bunge liandike kifungu: udukuzi umetendeka pale kilipo kifaa kilichoingiliwa, na dola ya kigeni haina kinga kwa kosa hilo. Mkulima huyo asikilizwe Mahakama Kuu, Mtwara, simu yake ikiwa ushahidi.