Namna ya Kuwa Shujaa Bila Kuchafua Viatu

Ushujaa una heshima kubwa, tatizo lake ni matope. Fuata hatua hizi, zilizojaribiwa Jinja na Mbale, Uganda, ufike ukiwa na suti yako safi.

1. Chelewa, kisha jitangaze. Tarehe 28 Julai 1862, John Hanning Speke alifika Nile inapotoka ziwani, akawakuta wavuvi wa Kisoga na Kiganda wakiendelea na shughuli zao. Aliyehesabiwa mgunduzi ni yeye, na mnara wake uko ng'ambo ya mto, mkabala na Jinja. Wapagazi wake usiwataje. Jiwe halina nafasi ya majina yote hayo.

2. Uwe jasiri kwa dakika chache tu. Katika miaka ya shufwa, msimu wa imbalu, tohara ya Wamasaba, hufunguliwa Mutoto, karibu na Mbale. Kijana husimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho, ngoma zikirindima. Shangiliwa, kisha toweka. Ukibaki utatakiwa kulipa ada za wadogo zako, na ada hazipigiwi ngoma.

3. Usipatanishe majirani. JJ Keki, Myahudi wa jamii ya Abayudaya wa Mbale, alishuhudia shambulio la World Trade Center, New York, mwaka 2001. Mkasa huo ungetosha kumlisha mialiko maisha yake yote. Yeye alirudi kuzunguka nyumba kwa nyumba, na mwaka 2004 wakulima Waislamu, Wakristo na Wayahudi wakaanzisha ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera. Matokeo yake? Vikao, mizani na hesabu. Hasara tupu!

4. Kwenye mafuriko, tangulia kamera kwa dakika moja, si zaidi. Mwisho wa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale na kuua watu. Siku kama hiyo anayeingia majini usiku hutoka amelowa, hafai kupigwa picha. Wewe njoo asubuhi na katoni ya sabuni, ukiishika ili jina lako lisomeke.

5. Tarehe 9 Juni, Siku ya Mashujaa wa Uganda, wahi kiti cha mbele. Ukijikuta bado shambani unampalilia kahawa jirani mgonjwa, ujue umefeli mwongozo huu. Medali huipati, na adhabu yako ni nzito: kila mwenye shida kijijini atagonga mlango wako, hata saa nane za usiku.