Chui Kwenye Kanzu ya Baba

Masika yalipokolea, mdogo wangu alihamishia picha zake sebuleni. Anapaka rangi ya mafuta, ileile iliyopakwa baiskeli enzi za mchoraji Tingatinga, na hewa ikiwa na unyevu haikauki upesi. Chui alimwegemeza kwenye kiti cha Baba. Baba akatoka chumbani na kanzu ya Ijumaa, akaketi avae viatu. Alipoinuka, nusu ya chui ilikuwa mgongoni.

Mama alikimbilia mafuta ya taa. Doa likatambaa hadi kwenye pindo. Baba akaenda msikitini na shati.

Aliporudi, nyumba haikukalika. "Nimekulipia ada ya uhasibu kwa kiinua mgongo changu, wewe unapaka chui!"

"Baba, hata Tingatinga alichora akiwa na kazi ya hospitali, Muhimbili."

"Basi nenda kaiombe hiyo ya hospitali!"

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu. Miaka minne tu, na hadi leo kuna watu Oysterbay wanaosomesha watoto kwa mtindo wake. Mdogo wangu huwatazama hao. Baba humtazama marehemu, ambaye hakuyafaidi matunda hayo. Nami simlaumu Baba: aliyewahi kudaiwa kodi ya nyumba huku watoto wakingoja kula hawezi kuichukulia kazi isiyo na mshahara kuwa jambo dogo. Ila kijana naye si mvivu. Adhana ya alfajiri humkuta ameshashika brashi.

"Kanzu utailipa," Baba akasema. "Lete hesabu zako."

Daftari likaja: mbao, makopo ya rangi, brashi, nauli. Baba akavaa miwani, akapekua kurasa mbele na nyuma.

"Siku zako za kazi umeziandika wapi?"

Hazikuwepo. Mchuuzi alikuwa akizichukua picha kwa bei inayorudisha gharama za vifaa tu. Baba akawaka upya, safari hii akimtetea mwanawe. Wakakaa na kalamu hadi Isha, chai ikapoa.

Kesho yake mchuuzi alizikataa picha mbili kwa bei mpya, akamchukua chui aliyepakwa upya ubavu. Baba alizihesabu zile noti mara mbili. Mtihani wa uhasibu, akasema, uko palepale, Novemba. Mdogo wangu hakukubali wala hakukataa. Alimsogezea daftari, tembo naye apangiwe bei.