Bamvua Haijui Tarehe 30 Juni

Fedha za utafiti za ndani ya chuo zina utamu wake: anayeomba na anayetoa wananunua chai kantini moja. Za wafadhili wa Ulaya ukizikosa unaletewa barua pepe ya kistaarabu kwamba waombaji walikuwa wengi. Za ndani ukizikosa unakutana na mjumbe wa kamati kwenye foleni ya maandazi, anakushika bega: "Daktari, andiko lako lilikuwa zuri sana." Hapo ushajua.

Mwaka ule hakuna aliyenishika bega.

Tangazo lilitaka kila andiko liwe na mwanafunzi wa uzamili ndani yake, lioanishwe na Dira ya Taifa, liwe na bajeti, mpango kazi na chati ya Gantt. Mwanafunzi nilikuwa naye, kijana wa Sumbawanga, mpole, anayejua takwimu kuliko mimi. Mada nilikuwa nayo pia: wanawake wanaolima mwani pwani ya Bagamoyo, na jinsi wanavyouacha mwani mnene wenye bei nzuri na kurudi kwenye mwembamba, ambao bei yake ni ya kusikitisha. Kwamba mnene hauvumilii maji yenye joto, unapauka na kukatika, hilo linajulikana. Sisi tulitaka kujua mkulima anakata tamaa lini, na nyumbani nani anaamua.

Msomaji wa maandiko hatajwi jina. Kanuni hiyo inafuatwa kwa ukali, ila chuoni kwetu ni mtu mmoja tu anayeandika "kwa mantiki hiyo basi" katika kila aya, na mlango wake unatazamana na wangu. Akataka nioneshe sampuli nimeipataje. Yeyote aliyepita chuo kikuu Tanzania anajua jibu: kanuni ya Yamane ya mwaka 1967. Kikundi kina wanawake 60. Ukiingiza 60 na kosa la asilimia 5, kanuni inakutemea 52. Nikaandika 52, na alama zangu za mbinu za utafiti zikapanda.

Kwenye chati ya Gantt ukusanyaji wa data ulikaa Septemba, jua limetulia, barabara kavu. Nilipaka kisanduku kile rangi ya kijani. Kisha faili likaanza safari yake. Likatoka idarani likaenda ndaki, likapanda kurugenzini, likarudi kwa kuwa kasma iliyoandikwa ilikuwa ya semina, likapanda tena. Kila nikipita masjala dada wa pale alinijibu kwamba lipo kwa bosi. Nikajifunza kutouliza bosi yupi. Fedha zilipoingia ilikuwa mwishoni mwa Aprili, masika yamekolea, nazo zimekuja na sharti: zitumike kabla ya tarehe 30 Juni, mwaka wa fedha wa serikali unapofungwa. Bakaa inarudi.

Sasa, mkulima wa mwani haingii shambani kila anapotaka. Anangoja bamvua, siku chache zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapokupwa hadi vigingi na kamba vinabaki wazi. Maji mafu yakifika, shamba limo ndani ya bahari na mwenyewe yuko barazani anasuka ukili. Nasi tulitaka kuwahoji wakiwa kazini, tukipima wanachovuna. Fomu ya masurufu ilikuwa na safari ya Jumatatu hadi Ijumaa. Bamvua ile ilianguka Ijumaa hadi Jumatatu.

Mhasibu wetu ni muungwana. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Daktari, hiyo bamvua haiwezi kusogezwa?"

Hakuwa anatania. Wiki ileile alikuwa amefanikiwa kusogeza kikao cha Baraza la Chuo, jambo ambalo kwa maoni yangu ni gumu zaidi.

Tukaenda kwa tarehe za mwezi, na makaratasi yakabaki na tarehe zao. Kijana wangu bahari alikuwa ameiona mara moja tu, juu ya kivuko cha Kigamboni, imejaa. Amekulia upande wa Ziwa Rukwa, na Rukwa likipungua linapungua kwa miaka, si kati ya chai na chakula cha mchana. Tulipofika ufukweni akasimama na mabuti yake mapya akitazama matope, majani na mitumbwi iliyolala ubavu, maji yakimetameta mbali kabisa.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "wameifunga?"

Tulikuwa na madodoso ya karatasi, kwa sababu vishikwambi tulivyoomba vilikatwa kwenye bajeti kwa wino mwekundu na neno moja: "Anasa." Mvua ikaanza tukiwa swali la nne. Wakulima wenyewe hawakushtuka. Walikuwa wamelowa hadi kiunoni tangu alfajiri, wakifunga mbegu kwenye kamba kwa taitai, vidole vikienda bila macho. Mmoja akanipokonya madodoso, akayatia kwenye ndoo, akafunika kwa kiroba, akaniambia niulize tu, majibu nitaandika nikikauka. Wino wa ukurasa wa kwanza ulikuwa umeshahamia ukurasa wa pili. Ndiyo maana kwenye takwimu zetu yupo mkulima mwenye umri wa watoto saba na watoto arobaini na tatu.

Tulipomfikia wa 52 tukashukuru, tukaanza kukusanya vitu. Mwenyekiti wa kikundi, bibi mwenye sauti ya kuita ngalawa, akanisogelea.

"Mwanangu, hawa wanane wamekosa nini?"

Nikaeleza kwamba kitaalamu idadi ile inatosha. Akanitazama kwa huruma.

"Kwenu mkialika watu sitini mnapakulia hamsini na wawili?"

Tuliwahoji wote. Yamane sijui angesema nini, lakini Yamane hakuwa pale. Wanane wale wakazaa soda nane zaidi, na soda zikazaa kesi.

Chuo hakipokei matumizi bila risiti ya EFD. Mwenye ngalawa hana mashine ya EFD, ana pondo. Duka la soda lina daftari la madeni. Mtendaji wa kijiji, Mungu ambariki, alinigongea mihuri hadi kidau cha wino kikakauka, na masurufu yakakaribia kufungwa. Likabaki swali moja la mkaguzi wa ndani: kwa nini dereva amelipwa posho ya Jumapili?

Nikaambatisha jedwali la maji kupwa na kujaa, tarehe zile nimezipigia mstari. Mkaguzi akaligeuza mbele na nyuma.

"Hili limesainiwa na nani?"

Nikampigia simu mtendaji. Alicheka mpaka simu ikakatika, kisha akapiga mwenyewe kuuliza barua aielekeze kwa nani. Nimehifadhi nakala. Ina kumbukumbu namba, ina muhuri wa bluu, na aya yake pekee inathibitisha kuwa katika tarehe tajwa bahari ya kijiji hiki ilikupwa, na ilirejea kama kawaida.

Mkaguzi aliisoma kwa makini, akaridhika. Akaomba nakala mbili.