Sifa za Ubao wa Matangazo

Ubao wa matangazo, yaani ule unaotundikwa ukutani katika ofisi ya kijiji, shule au zahanati ili umma upate habari, ni nadra kusifiwa na wasomi, ijapokuwa hakuna mtumishi wa serikali anayeufikia kwa uvumilivu. Haudai posho wala likizo, na tangazo la chanjo ya mwaka juzi hulitunza kwa uaminifu uleule unaolitunzia la leo, ili msomaji achague mwenyewe la kuamini.

Fadhila yake kuu ni ya kisheria. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inawataka wachumba watoe taarifa ya kusudio la kuoana angalau siku 21 kabla ya ndoa, nayo hutangazwa ili mwenye pingamizi, yaani sababu ya kuizuia, ajitokeze. Mapato na matumizi ya kijiji nayo hubandikwa ili wananchi waone fedha zao zilikokwenda, na hapo ndipo ubao unapodhihirisha hekima yake: karatasi ya herufi ndogo hufungiwa ndani ya kisanduku cha kioo chenye kufuli, ufunguo anao mtendaji aliyekwenda wilayani, na jua la mchana huzifuta tarakimu likauacha muhuri. Tangu hapo kila anayeuliza hujibiwa, bila uongo hata chembe, kwamba mbona ilibandikwa.

Wenye inda husema ubao hausomwi. Huko ni kuukosea adabu, kwa maana husomwa kwa uwakilishi: mmoja mwenye macho makali husoma kwa sauti, mwingine hupiga picha kwa simu na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp, na kabla ya magharibi mtaa mzima umejua kwamba mkutano wa Jumamosi umeahirishwa, ingawa hawakosekani wanaoapa kuwa umehamishiwa Jumapili.

Ndugu yake mnyonge, nguzo ya umeme, hana kufuli wala muhuri. Gundi ya uji wa ngano yatosha kuwakutanisha dalali wa vyumba, mganga wa nyota na mwalimu wa tuisheni. Na ukutani palipoandikwa kwa rangi nyekundu kuwa ni marufuku kubandika matangazo, wabandikaji werevu hubandika chini ya maandishi hayohayo, kwa kuwa macho ya wapita njia yamekwisha kusimama hapo.