Shangazi, Ua Langu Limeninunia

Barua ya kwanza kwa Shangazi wa safu hii inatoka Dar es Salaam. “Shikamoo, Shangazi. Kila asubuhi nalimwagilia ua langu la zamiokulkasi kabla ya kwenda kazini, lakini majani yamekuwa ya njano na mashina yamelegea. Nimelikosea nini?”

“Marahaba, mwanangu. Hujalinyima kitu, umelizidishia.” Mizizi nayo hupumua, kwa hewa iliyomo katika vinafasi vya udongo. Maji yakituama humo, hewa inakosa pa kukaa, mizizi inaoza, na mizizi iliyooza hainywi. Majani hunyauka kama yenye kiu, mwenye ua naye anakimbilia kopo. Wengi wameua hivyo, tena kwa mapenzi.

Zamiokulkasi ndilo la mwisho kuhitaji fujo hiyo. Chini ya udongo lina vinundu vinene kama viazi vinavyoweka akiba ya maji. Ndiyo maana kiangazi cha Afrika Mashariki, lilikozaliwa, hakiliui. Waholanzi walianza kulizalisha kwa wingi mwaka 1996, likaenea maofisini na sebuleni duniani. “Binti wa kwetu huyo,” anasema Shangazi, “nawe unamlea kama mpunga wa bondeni!” Dawa: ling’olewe, mizizi iliyooza ikatwe, lipandwe kwenye udongo mkavu, katika chungu chenye tundu.

Msomaji wa Arusha yeye humwagilia kila Ijumaa, hakosi. Ua halina kalenda. Januari udongo hukauka upesi. Julai, kwa baridi na mawingu ya huko, chungu kilekile hubaki na unyevu siku nyingi. Achomeke kijiti cha mishikaki kama anayepima keki. Kikitoka na udongo ulioganda, aende zake Ijumaa hiyo.

Kutoka Hamburg kuna malalamiko ya madoadoa kwenye majani ya ua dogo la zambarau ambalo Wajerumani huliita kwa jina la Usambara. Mbegu zake zilitumwa Ujerumani mwaka 1892 na Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa serikali ya kikoloni. Majani yake yana vinyweleo, na maji baridi ya bomba huyatia mabaka. Mwandishi wa barua hiyo amimine maji yasiyo baridi kwenye kisahani, chungu kinywe kutoka chini kwa nusu saa, yatakayobaki ayamwage.

Shangazi amemwongezea huyo wa Hamburg swali lake mwenyewe: ua ameshalitunza, je, Lushoto, huko huko Usambara, atakuja lini?