Sabufa ya Mninga

Fundi wetu wa Katumba, hongera kwa kuijengea karakana yako sabufa. Umechana mninga, mbao ambayo watu wa mjini huitafuta kwa vitanda vya harusi, ukaunda boksi kubwa kama kabati. Sasa besi ikidunda, misumari inacheza mezani na bati la jirani linaitikia.

Mninga hauna kosa. Koni ya spika ikisukuma hewa mbele, nyuma inaivuta; mawimbi hayo mawili yakikutana hufutana. Kazi ya boksi ni kuyatenganisha. Wewe umeacha nyufa kila kona, eti sauti ipate kupumua! Kama ulitaka tundu, ungepima upana na urefu wake kulingana na ujazo wa boksi, si kutoboa kwa kukadiria ngumi.

Wazee wengi wa hapa Katumba walikimbia Burundi mwaka 1972 wakitafuta utulivu, nawe unawanyima kwa besi hiyo. Basi ndugu yangu, ziba nyufa kwa gundi na unga wa mbao, punguza sauti, kisha umalizie kitanda cha yule mteja aliyekulipa kianzio.